Picha Iliyovishwa Nguo

Ijumaa aliyokufa mama mkubwa Kaltham nilikuwa nakaanga sambusa, redio inazungumza peke yake, sina hili wala lile. Mji wetu wa Ibra, hapa Oman, ulikuwa kimya kama unavyokuwa kila Ijumaa mchana: wanaume wamo msikitini, wanawake wamo jikoni. Nilikuwa nimeshatenga sahani ya kumpelekea mama mkubwa, kwa sababu mkwewe, Alyaa, alikuwa kwao Tiwi tangu juzi yake, na mwanawe Hamdun hajui hata kuchemsha yai. Sahani haikufika. Simu ililia kabla sijazima jiko.

Mama mkubwa alikuwa dada wa mama yangu. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Oman akiwa msichana na sanduku moja, na mpaka anakufa, ukimsemesha Kiarabu nyumbani kwake alikuwa hakujibu. Alikuwa na shamba la mitende alilolipanda yeye na marehemu mumewe, na mtoto mmoja. Mtoto ndiye huyo Hamdun. Ana karakana Firq, kule Nizwa, ya kutengeneza fanicha na kupamba mahoteli ya mlima wa Jabal Akhdar. Alitaka kung'oa mitende ajenge vibanda vya watalii. Mama yake alikataa, tena bila ya kumung'unya maneno: shamba ataliweka wakfu wa msikiti, na Jumapili ndiyo siku ya kwenda kutia saini. Ijumaa akafa. Moyo, alituambia Hamdun. Alikuwa mgonjwa wa moyo kweli, daktari aliyeitwa hakushangaa, na sisi hatukuwa na la kuuliza.

Mimi naitwa Fawziya. Nimesomesha miaka ishirini na sita, na tangu nistaafu namsaidia Bi Shaikha kuosha maiti wa kike. Bi Shaikha ana miaka sabini na sita, na hapana mwanamke wa Kizanzibari aliyezikwa mitaa yetu ambaye hakupita mikononi mwake. Siku ile tulikuwa watatu. Bi Shaikha akiosha, mimi nikimgeuza maiti, na Alyaa, aliyefika mbio kutoka Tiwi, akimimina maji. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho ya mkwe kwa mama mkwe wake, na Alyaa alimpenda yule bibi kuliko wengi wanavyopenda mama zao.

Tulipofika kwenye kinywa, Bi Shaikha alijifunga kitambaa kidoleni kama kawaida na kumsugua meno taratibu. Akasita. Akakitoa kidole akakitazama. Kwenye kitambaa palikuwa na damu kidogo na uzi wa kijani.

Aliuinua mdomo wa juu. Kwa ndani ulikuwa umechanika, alama za meno zimesimama sawasawa kama za mtu aliyekandamizwa kwa nguvu. Nikaukumbuka mto wake, ule alioudarizi mwenyewe kwa uzi wa kijani, ambao kitandani sikuuona. Damu ikaendelea kutoka. Tukamwosha mara tatu ikatoka, mara tano ikatoka. Mara ya saba ndipo ikakatika. Alyaa alikuwa amesimama na kopo mkononi, maji yanammiminikia miguuni mwake mwenyewe, hana habari.

"Tulichokiona hapa anakwenda nacho," alinong'ona Bi Shaikha. "Hatukukiona."

Hiyo ndiyo sheria ya mwosha. Unaloliona kwa maiti hulitoi nje ya mlango. Baadaye sana sheikh mmoja aliniambia kwamba sitara ya maiti si sitara ya muuaji, na kwamba tulikosea. Lakini siku ile sikumuuliza mtu. Niliogopa kujibiwa.

Hamdun alikuwa mlangoni. Akauliza kama wanavyouliza watoto wote waliofiwa, "Mama alikuwaje?" Na Bi Shaikha akajibu kama wanavyojibu waosha wote. "Alikuwa na nuru, mwanangu. Kama amelala."

Niliyaona mabega yake yakishuka. Alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Nikamchukia pale pale, na sijaacha.

Wiki tano zikapita. Mitende ikaanza kuwekwa alama ya rangi nyekundu, tayari kwa kung'olewa. Mimi nilikuwa nalala nao ule uzi. Nikimwona Hamdun dukani namwamkia, naye ananiitikia vizuri, ananiuliza habari za mgongo wangu, na mimi nasimama pale natamani ardhi ipasuke immeze. Natamani wazi, bila ya kujificha. Ningekuwa na nguvu ningemfanyia mwenyewe.

Hapo ndipo ilipokuja picha.

Hoteli moja ya mlimani ilikuwa inabadilisha mapambo, na mchoro mkubwa wa mafuta uliokuwa ukumbini ukateremshwa, kwa sababu wageni wenye watoto waliulalamikia uchi wake. Hamdun akaupenda kwa ajili ya fremu yake ya dhahabu. Lakini hata yeye aliona hauwezi kutundikwa kwenye nyumba ya watu wanaosali, basi akafanya jambo ambalo sidhani kama kuna mtu mwengine duniani angelifanya. Aliupeleka kwa mchoraji wa mabango wa Firq akamwambia awavishe nguo watu waliomo.

Mchoraji akawavisha. Palikuwa na kijana anayekimbia, ameziba masikio kwa viganja viwili. Huyo akavishwa kanzu nyeupe ya Kiomani. Nyuma yake wanawake watatu wamemnyooshea vidole, vichwani mwao wana nyoka badala ya nywele. Hao wakavishwa magauni meupe, na nyoka wakafunikwa mitandio. Na mwanamke wa nne, ambaye wale watatu walikuwa wamemshika amelegea, mwenye kisu kifuani, akafunikwa shuka nyeupe mpaka shingoni. Kisu kikafutwa kwa rangi.

Hamdun akaitundika picha sebuleni, kwenye ukuta kilipokuwa kimeegemea kitanda cha mama yake.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza siku ya khitma ya arobaini. Nilikuwa nakwenda jikoni kuangalia wali, nikapita sebuleni, nikasimama. Wanawake watatu wenye nguo nyeupe na mitandio myeupe wamemshika maiti aliyefunikwa sanda, na mtu mwenye kanzu anawakimbia. Maiti hakuwa na jeraha tena. Alikuwa na mdomo tu, uliofunguka kidogo.

Jikoni Alyaa alinivuta pembeni akafungua simu yake.

"Da Fawziya, tazama. Hii ndiyo picha asli, kabla ya nguo." "Nimesoma. Hadithi ya Wagiriki wa zamani. Yaani huyu kijana amemuua mama yake. Na hawa watatu wanatoka chini ya ardhi, kazi yao ni moja tu, kumfuata mtu kama huyo. Hawachoki, wallahi. Wanamfuata mpaka akili yake iruke."

"Hamdun anajua?"

"Hajui. Yeye kapenda fremu."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na Alyaa akanitazama kwa hofu, lakini ilikuwa ni mara ya kwanza tangu tumzike mama mkubwa kifua changu kufunguka.

Baada ya kula, wanaume wakiwa majlisi na wanawake sebuleni, ilifika zamu ya kutushukuru sisi tuliomwosha. Kwetu waosha hukalishwa mbele na kupewa kitu na mwenye msiba kwa mkono wake. Alyaa alitukalisha kwenye kochi la ukutani, chini ya ile picha, Bi Shaikha katikati, mimi kulia, yeye kushoto. Sote tulikuwa tumevaa nyeupe kwa ajili ya kisomo. Sikufikiria. Naapa sikupanga.

Hamdun alipiga hodi akaingia na chupa tatu za mafuta ya udi kwenye sinia. Alifika katikati ya zulia, akainua macho. Akatutazama sisi. Akatazama juu yetu. Akatutazama sisi tena.

Chupa zikaanza kugongana.

"Nani anamwaga maji?" aliuliza.

Hapana aliyekuwa anamwaga maji. Wanawake wakatazamana. Hamdun akaweka sinia chini, polepole sana, na mikono yake ikapanda yenyewe mpaka masikioni.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alyaa alinieleza kwa simu, kwa sauti ya chini, kwamba anasikia maji kwenye choo cha mama yake kila mchana baada ya swala ya Adhuhuri. Anakwenda, anakuta pakavu. Alibomoa mabomba yote. Akaziba maji ya ghorofa nzima. Akampigia mchoraji wa Firq kumfokea, kwa nini kawachora wale wanawake sura za watu anaowajua. Mchoraji akamjibu kwamba yeye alichora nguo tu, sura hakuzigusa.

Siku moja saa saba mchana, jua limesimama na barabara haina hata paka, Hamdun alibisha mlango wangu. Alikuwa amekonda. Alinipa shikamoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, maana nimemzidi miaka mitatu tu. Nikaitikia marahaba. Hakukaa.

"Da Fawziya, nakuomba uniambie kitu kimoja. Mama mlimwosha mara ngapi?"

Ningeweza kumwambia sikumbuki. Ningeweza kumpa maji baridi akanywa, akatulia. Nilimtazama machoni.

"Wewe unasikia mara ngapi?"

"Saba."

"Basi ushajua," nikamwambia, na nikafunga mlango.

Aligeuza picha, uso ukaelekea ukutani. Kesho yake Alyaa akaona doa la majimaji nyuma ya kitambaa cha picha, dogo, kama kiganja cha mtoto. Likawa linakua. Lilikuwa mahali pa mdomo wa yule maiti. Hamdun akaigeuza tena, na mdomo ulikuwa wazi zaidi. Alyaa alisema sasa meno yanaonekana.

"Ondoka humo," nilimwambia.

"Naogopa nikiondoka atajua tunajua, da Fawziya. Ananiangalia nikilala. Ananiuliza, siku ile uliona nini? Namwambia nuru. Kila siku ananiuliza. Kila siku namwambia nuru."

Nilikuwa nimekaa nikifurahia mateso ya mtu, nimesahau kwamba kuna msichana wa miaka ishirini na tisa amefungiwa naye nyumba moja. Mwenye kuziba mdomo wa mama yake atashindwa kuziba wa mkewe? Nikaenda kwa Bi Shaikha nikamwambia khalas, nakwenda polisi. Bi Shaikha akalia. Sijapata kumwona akilia. Alisema amefunga kinywa chake mbele ya maiti miaka hamsini, hajui hata kinafunguliwaje. Tukakubaliana kwamba kwanza tumtoe Alyaa, halafu tutasema sote watatu pamoja. Sababu ilikuwepo: ndugu yake alikuwa anaoa, harusi iko Sur, Alhamisi inayofuata. Hamdun alisema yeye mgonjwa, haendi. Tukaondoka asubuhi sote watatu kwenye gari yangu, na Alyaa hakugeuka nyuma.

Ukumbi wa harusi ulikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na sisi tulikaa meza ya mbele. Baada ya swala ya Alasiri ngoma zilipoanza nilijihisi mzito. Nikadhani ni safari. Nilifumba macho kidogo tu. Nilipofumbua, halua ilikuwa imeshapita na Bi Shaikha alikuwa ananikodolea macho.

"Na wewe ulisinzia?" aliuliza.

Alyaa pia alisinzia. Tukacheka kidogo, hatukujua tunacheka nini. Viganja vyangu vilikuwa baridi.

Simu ilikuja kabla ya Magharibi.

Hamdun alikuwa amekwenda kituo cha polisi kwa miguu. Hakuvaa viatu. Kanzu ilikuwa imemganda mwilini kwa maji, katika mwezi ambao Ibra haina tone la mvua. Alikuwa amebana masikio kwa viganja, na alikuwa anapiga kelele, kwa sababu hakusikia sauti yake mwenyewe. Alisema yote. Mto. Dakika alizohesabu. Adhana ya Ijumaa ikisomwa na yeye amemkalia mama yake kifuani. Jinsi alivyouchoma mto karakana, Firq, ndani ya pipa la takataka za mbao. Alisema tena na tena, mpaka polisi aliyekuwa anaandika maelezo akamwandikia kwenye karatasi kwamba inatosha.

Akamwandikia pia: nani kakutuma uje?

"Wao watatu," alisema Hamdun. "Wamenilaza kwenye ubao. Wameniosha mara saba. Nikawaambia mimi mzima, mimi mzima, hawakusema kitu. Wananyoosha vidole tu."

Akatutaja kwa majina. "Bi Shaikha, Fawziya, na mke wangu."

Polisi walituita, na ni haki yao. Lakini kulikuwa na watu mia mbili waliotuona Sur, na kulikuwa na video. Ofisa alituonesha kwenye skrini yake, tukiwa tumesimama mbele ya meza yake siku ya pili yake asubuhi. Wanawake wanacheza, maua, watoto. Kisha kamera inapita meza ya mbele. Tumekaa, Bi Shaikha katikati. Sote watatu tumefumba macho. Na mikono yetu, hewani juu ya sahani, inafanya kazi. Ya Bi Shaikha inasugua. Yangu inageuza kitu kizito. Ya Alyaa inamimina.

Ofisa aliizima video.

Tulitoa ushahidi wetu. Bi Shaikha alianza yeye, akaanzia kwenye ule uzi wa kijani, na alimaliza. Kaburi likafukuliwa kwa amri ya mahakama, na waliolitazama waliona tulichokiona sisi. Hamdun yuko ndani, kesi haijesha. Alyaa amerudi Tiwi. Mitende bado imesimama. Picha walikwenda kuichukua polisi, wakakuta fremu ya dhahabu na kitambaa cheupe ndani yake, hakina hata alama ya brashi.

Nilidhani basi, yamekwisha. Nilikuwa nalala vizuri.

Lakini siku ile ya video kituoni, tulipokuwa tunaondoka, ofisa alikuwa ametuita tena akatoa mfuko mdogo wa plastiki. Daktari ndiye aliyevitoa, alisema, kwenye masikio ya Hamdun. Ndiyo sababu alikuwa hasikii. Vilikuwa vidonge viwili vya pamba, vimesokotwa, vinanukia karafuumaiti, kama vile tunavyowaweka maiti kabla ya kuwafunga sanda. Akauliza kama tunavitambua.

Bi Shaikha ana dole gumba la kulia lisilopinda. Lilivunjika zamani, Unguja, na likaunga vibaya. Kwa hiyo pamba huisokota kwa mkono wa kushoto, na msokoto wake unakwenda kinyume na wa watu wote. Hapana mwosha mwengine, si hapa wala Nizwa wala Sur, anayesokota hivyo. Aliushika ule mfuko akausogeza machoni, akaugeuza.

"Hii ni kazi yangu," alisema.

"Umeifanya lini, mama?"

"Sijui, mwanangu."

Kule gerezani, naambiwa, hali ni ile ile. Wanamtoa pamba jioni, masikio safi, mlango unafungwa, hapana anayeingia. Asubuhi wanamkuta ameziba tena, na nguo zake zimerowa. Daktari wamebadilisha mara mbili.

Bi Shaikha ameacha kuosha. Tangu ushahidi ule hajamgusa maiti hata mmoja. Mimi ndiye ninayeitwa sasa, na nina vifaa vyangu. Lakini bunda lake la pamba liko kabatini kwake, na linapungua. Alinionesha mwenyewe, akanong'ona, akaniomba nimsomee. Nilimsomea. Juma lililopita nilifungua kabati nikakuta bunda limekwisha, imebaki karatasi.

Nilichukua funguo za gari, nikaenda sokoni, nikamnunulia jengine.